Buti la kutembelea kwa mwenye kisukari aliyevunjika mguu: tathmini baada ya wiki kumi na nane, Kisumu

Buti ninalolitathmini hapa ni lile la plastiki ngumu, lenye mikanda ya kunata na mifuko ya hewa kwa ndani, ambalo wahudumu wa hospitali huliita buti la kutembelea na ambalo mjukuu wangu aliliita kiatu cha mwanaanga tangu siku lilipoingia nyumbani. Nililinunua mjini Kisumu mwezi wa Aprili 2025 kwa shilingi 7,800, nikalivaa mguu wa kulia kwa wiki kumi na nane. Nina kisukari cha aina ya pili, mwaka wa kumi na nne huu, na hiyo ndiyo sababu ya kuandika, kwa maana maelezo yote niliyoyasoma kabla ya kulinunua yaliandikwa kwa ajili ya watu ambao mguu ukiwauma wanajua kwamba unawauma. Kwa mtu wa namna hiyo hili ni buti la kawaida tu. Kwa mtu wa namna yangu ni kifaa chema na cha hatari kwa wakati mmoja, na wema wake na hatari yake vyote vinatokana na jambo moja, yaani kwamba linafunguka. Buti nimelipatia nyota nne kati ya tano. Duka nimelipatia mbili, na nitaeleza.

Mfupa wenyewe ulivunjika kwa jambo dogo la kuaibisha. Nilikuwa nikishuka matatu pale Kondele jioni moja ya mwezi wa Machi, mvua imetoka kunyesha, nikakanyaga ukingo wa mtaro, kifundo kikapinduka nami nikakaa chini mbele za watu. Nikasaidiwa kusimama, nikajipangusa tope, nikatembea hadi nyumbani Migosi kwa miguu yangu mwenyewe. Kesho yake nilikwenda sokoni. Siku ya tatu ilikuwa Jumapili, nikaenda kanisani, nikasimama kwa kila wimbo wa kusimama. Siku ya nne kiatu kilikataa kuingia, na nilipouangalia mguu vizuri mwangani niliona umevimba kama boga na kupiga weusi kuanzia kifundoni hadi vidoleni. Picha ya eksirei ilionyesha kwamba ule mfupa mwembamba wa upande wa nje, mahali unapotokeza kifundoni, ulikuwa umepasuka mshazari, ingawa vipande havikuwa vimeachana.

Kijana aliyenihudumia aliuliza, "Mwalimu, umeutembelea mguu huu siku tatu?" Nilipomjibu kwamba haukuniuma sana, alicheka akanisifu kwa ujasiri. Haukuwa ujasiri. Sukari ikikaa juu kwa miaka mingi huharibu mishipa ya fahamu, na huanza na ile mirefu kuliko yote, ambayo ndiyo inayofika nyayoni, kwa hiyo mwenye kisukari anayetembelea mfupa uliovunjika bila kugumia ni mtu aliyekwisha kufa ganzi, na jambo la kwanza la kufanya ni kuacha kucheka na kumpima. Kituo hicho, ambacho ni cha binafsi na sitakitaja jina, hakikunipima. Hakuna aliyeniuliza habari za sukari, ijapokuwa nilipotaja dawa ninazotumia nilitaja metfomini, ambayo ni dawa ya kushusha sukari, na ikaandikwa. Siku ile ile, uvimbe ukiwa bado haujashuka, nikafungwa plasta nzima kutoka vidoleni hadi chini ya goti na kuambiwa nirudi baada ya wiki sita.

Sina ugomvi na plasta. Tangu daktari wa jeshi la Uholanzi, Antonius Mathijsen, alipotangaza bandeji zake za jasi mwaka 1852, imeunga mifupa isiyo na idadi, na ni rahisi, na hospitali yoyote ya wilaya inayo. Ila plasta ni nyumba isiyo na dirisha. Mtu mwenye mguu mzima wa fahamu, ikimbana kisigino usiku, asubuhi yuko mlangoni kwa daktari akilalamika, na malalamiko hayo ndiyo yanayomwokoa. Mimi sikuwa na la kulalamikia. Wiki ya nne binti yangu alikuja kunitazama kutoka Kakamega, akaingia sebuleni, akasimama, akauliza kama kuna panya aliyefia nyuma ya kabati. Tulisogeza kabati. Tulisogeza na kochi. Kisha yeye mwenyewe akainama karibu na mguu wangu, akanyamaza. Plasta ilipokatwa kwa msumeno wa umeme, kisigino kilikuwa na kidonda cha upana wa sarafu ya shilingi ishirini, kingo zake nyeupe kama ngozi iliyolowa majini siku nzima, na katikati pamekuwa peusi. Sikuwa nimehisi hata mwasho.

Hospitali ya pili, ambayo ni ya rufaa, ilianzia pale ambapo ya kwanza ilipaswa kuanzia. Daktari wa mifupa aliniuliza habari za sukari kabla hajaugusa mguu. Alichukua uzi mgumu wa nailoni, ule unaopinda ukisukumwa kwa uzito wa gramu 10, akaniambia nifumbe macho na niseme "ndiyo" kila nitakapoguswa wayoni. Aligusa mahali kumi, nami nikasema ndiyo mara tatu. Nilitolewa damu ya kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu, kile kinachosoma sukari iliyoganda kwenye chembe nyekundu za damu, na kwa kuwa chembe hizo huishi takriban siku 120, hakidanganywi na mtu aliyejinyima chai siku mbili kabla ya kliniki. Kilisema asilimia 10.4, ilhali wengi wetu hutakiwa kubaki chini ya 7. Ndipo akaniandikia buti, kwa sababu kidonda kilihitaji kusafishwa kila baada ya siku moja na mfupa ulihitaji kutulizwa, na hakuna plasta inayoweza kufanya yote mawili.

Nilimuuliza itachukua muda gani, kwa sababu kila mtu mtaani alikuwa amekwisha kuniambia wiki sita. Aliniambia nisihesabu wiki za watu. Mfupa ukivunjika, damu huganda kwanza pale penye ufa, kisha seli hujenga daraja laini la gegedu, kisha daraja hilo hujazwa madini na kuwa gumu, kisha kwa miezi mingi mwili hulichonga mpaka lifanane na mfupa wa zamani. Sukari nyingi huwachelewesha mafundi wa kila hatua. Mishipa midogo ya damu inayopaswa kuleta vifaa vya ujenzi huwa imeziba au imekakamaa, seli zinazojenga mfupa hulegea, na nyuzi za protini ambazo ndizo fito za mfupa hugandamana na sukari zikawa kavu na za kukatika. Ndiyo maana, alisema, mfupa wa mwenye kisukari cha aina ya pili unaweza kuonekana mnene kabisa kwenye mashine ya kupimia uzito wa mfupa na bado ukavunjika kwa kuteleza mtaroni. Kifundo ambacho kwa mtu mwenye afya hukadiriwa wiki sita hadi nane, kwa mwenye ganzi madaktari huongeza ule muda wa kutokukanyaga hata mara mbili. Nilikuwa na miaka 58 na hedhi imekatika zamani, jambo ambalo nalo halikuusaidia mfupa.

Sasa duka. Muuzaji hakuwa mtu mbaya, lakini aliuza buti kama mtu anayeuza ndoo. "Mama, hii ni ya kila mtu," aliniambia, akinipa saizi ya kati kwa kutazama kiatu changu cha kushoto, ambacho ni namba 39. Ni kweli kwamba buti hili halina kushoto wala kulia, lakini saizi linazo, na mguu wenye bandeji ya kidonda na uvimbe si mguu wa namba 39. Hakunijaribisha. Nilipofika nyumbani vidole vilitokeza nje ya ukingo wa soli, yaani vingekuwa vya kwanza kugonga kila kizingiti. Niliporudi nilielezwa kwamba kifaa cha hospitali kikishatoka dukani hakirudi, na baada ya majadiliano marefu nikabadilishiwa kwa saizi kubwa kwa kuongeza shilingi 500 ambazo sikuandikiwa risiti. Mfuko wa buti la pili haukuwa na pampu, na karatasi ya maelezo ilikuwa ya lugha nisiyoitambua hata herufi. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza kwa mnunuzi ni aende dukani na mguu wenyewe, ukiwa umefungwa bandeji na soksi atakayovalia, tena alasiri mguu ukiwa umevimba, avae, asimame kwa kujishikilia, na pampu aione kwa macho kabla hajatoa pesa.

Kiundani buti ni ganda la plastiki mbele na nyuma, bitana nene ya sponji inayouzunguka mguu kama nepi, mikanda mitano, na mifuko miwili ya hewa ubavuni. Soli imepinda kama tumbo la mtumbwi, ili mguu ubiringike kutoka kisiginoni hadi vidoleni bila kifundo kukunjika, na hilo lilifanya kazi vizuri nilipofikia hatua ya kuruhusiwa kukanyaga. Ule urefu wa kufika karibu na goti unachosha, lakini kwa kifundo kilichovunjika lile fupi halitoshi.

Mifuko ya hewa ndiyo inayosifiwa sana, na ndiyo niliyoiogopa. Unabonyeza pampu, hewa inajaa, mguu unakumbatiwa usicheze. Mtu mwingine hubonyeza mpaka asikie imembana, kisha hupunguza kidogo. Mimi nisiyesikia ningeweza kubonyeza mpaka damu ikome. Mtaalamu wa viungo aliyekuwa akinifanyisha mazoezi alinitatulia jambo hilo kwa namna rahisi: alilijaza buti yeye mwenyewe akihesabu, akaniambia mibonyezo minane asubuhi na sita jioni, na kila mara kidole kimoja cha mkono kipite kati ya bitana na muundi. Nikamwambia kwamba mimi sisikii kitu. Akasema, "Mama, mguu wako usiusikilize. Uangalie." Idadi hiyo ni ya mguu wangu na buti langu, mtu asiiige, lakini hiyo namna ya kuhesabu na kupitisha kidole yafaa kila mwenye ganzi aombe afundishwe.

Kuangalia kukawa ibada ya nyumbani. Kila jioni saa moja, kabla ya chakula, tulifungua buti juu ya stuli. Mjukuu wangu wa miaka tisa aliweka kioo cha ukutani sakafuni, akashika tochi ya simu, naye akawa mkaguzi, kwa kuwa mimi bila miwani sioni na kwa miwani siinami. Soksi zilikuwa nyeupe za pamba, kwa agizo la nesi wa vidonda, kwa sababu doa la damu au usaha kwenye soksi nyeusi halionekani. Tuliipindua soksi, tukaingiza mkono ndani ya buti kutafuta changarawe, ushanga, kifuniko cha kalamu, vyote ambavyo tulivikuta kwa nyakati mbalimbali. Siku moja, wiki ya tatu, aliniambia, "Nyanya, hapa pamekuwa pekundu," akionyesha upande wa kidole kidogo. Palikuwa na alama ya mkanda, nyekundu na ya moto, ambayo haikuwa imechubuka bado. Tuliuhamisha mkanda na kuweka kipande cha sponji, na baada ya siku mbili ikapotea. Hiyo alama moja, iliyoonekana jioni ile ile ilipotokea, ndiyo thamani ya shilingi 7,800. Ndani ya plasta ingekuwa kidonda cha pili.

Nalazimika lakini kusema upande wa pili, nao ni aibu yangu na si ya kiwanda. Kifaa kinachofunguka hufunguliwa. Buti langu la saizi kubwa lilikuwa zito kupita magongo yenyewe, lilinuka, na usiku wa Kisumu, joto likiwa limelala palepale hata upepo wa ziwani ukivuma, kulivaa ni kama kulala na jiko. Nilianza kulivua usiku, jambo ambalo nilikatazwa katika wiki zile za mwanzo. Kutoka kitandani hadi msalani ni hatua kumi na moja, nikajiambia hatua kumi na moja si kutembea. Kisha nikaongeza jikoni. Kwa kuwa hapakuuma, hapakuwa na wa kunikemea. Wiki ya sita ya buti, picha ya eksirei ilionyesha ule mstari wa ufa ukiwa wazi kana kwamba nimevunjika jana. Daktari aliuliza kama ninalivaa wakati wote, nami nikajibu kwa sauti ya darasani kwamba ndiyo, wakati wote. Mjukuu wangu, aliyekuja kubeba mkoba, akasema, "Nyanya huenda jikoni bila kiatu."

Daktari hakunigombeza. Alichukua bandeji ya plasta akaizungusha juu ya mikanda yote, buti likawa haliwezi kuvuliwa ila kwa kukatwa, na kwa kuwa kidonda kilikuwa kimepungua, akapanga kufunguliwa, kusafishwa na kufungwa upya mara moja kwa wiki hospitalini. Alieleza kwamba hii ni njia inayojulikana duniani kwa miguu yenye kisukari, maana buti lile lile likizuiwa kuvuliwa hufanya kazi karibu sawa na plasta maalumu ya kushika mguu mzima. Wiki nne zile zilikuwa ndefu kuliko mwaka. Kwa hukumu yangu ndizo pia zilizouunga mfupa, na ningependa mtu angeniambia siku ya kwanza kwamba hilo linawezekana.

Kilichomtia daktari wasiwasi zaidi ya ufa ni ugonjwa wa Charcot, uliopewa jina la Jean-Martin Charcot wa Ufaransa, ambaye mwaka 1868 alieleza viungo vinavyosambaratika kwa watu waliopoteza fahamu za miguu kwa sababu ya kaswende. Uhusiano wake na kisukari ulielezwa baadaye, mwaka 1936. Mguu usiohisi ukiumia na kuendelea kukanyagwa, mifupa yake huweza kuwaka kwa ndani, kulainika na kuporomoka mpaka wayo ukageuka kuwa kama sehemu ya chini ya kiti cha kubembea. Dalili ya mapema ni joto na uvimbe: mguu mmoja ukizidi mwenzake kwa zaidi ya nyuzi 2 za selsiasi bila kupoa, hilo si la kusubiri. Sisi tulipima kwa mgongo wa mkono wa binti yangu na kwa kipimajoto cha ngozi cha kliniki kila nilipokwenda. Tena mguu wa kuangalia si ule uliovunjika tu, maana mzigo wote huhamia kwa mwenzake, ambao nao una ganzi ile ile.

Hapo ndipo penye kasoro halisi ya buti ambayo hakuna dukani aliyeitaja. Soli yake ni nene, na ukivaa kandambili mguu wa pili unakuwa mfupi kwa karibu sentimita tatu, ukitembea unayumba kama mtu anayetembea mguu mmoja barabarani na mwingine mtaroni. Baada ya wiki moja ya kukanyaga, nyonga ya kushoto iliniuma kuliko mguu wenyewe, nyonga kwangu bado zinahisi. Dawa yake niliipata kwa fundi wa viatu karibu na soko la Kibuye. Alitazama buti, akatazama kiatu changu cha kushoto, akapima tofauti kwa kijiti cha kiberiti, akakata vipande viwili vya tairi na kimoja cha sponji ngumu, akavigandisha kwa gundi na kuvishona ukingoni. Shilingi 300. Ni kazi ya nusu saa ambayo ingefaa kuuzwa pamoja na buti, na nashangaa kwamba haiuzwi.

Mikanda ya kunata iliacha kunata mwezi wa tatu wa kulivaa buti, baada ya kujaa nyuzi na vumbi, na fundi huyo huyo akashona mingine. Bitana ni ya kufuliwa, ila huchukua siku nzima kukauka hata kwa jua letu, kwa hiyo fundi cherehani alinishonea ya pili kwa pamba. Vidole viko wazi, na siku za mvua tope huingia. Mfuko wa nailoni unasaidia hadi mlangoni tu, si zaidi, kwani huteleza. Magongo ya kwapani sikuyaweza: mtu asiyehisi wayo wa mguu anaoutegemea hajui amekanyaga nini, nikaanguka mara mbili, na fremu ya miguu minne ya kukodi ndiyo iliyoniweka wima.

Buti haliungi mfupa, linautuliza tu. Kilichounga, pamoja na kutulia, ni kushuka kwa sukari, na sukari yangu haikushuka kwa metfomini peke yake, kwa sababu maumivu, homa ya kidonda na kukaa siku nzima huipandisha hata ukila kidogo. Niliingizwa kwenye insulini mwezi wa Aprili. Jirani zangu walileta supu ya mifupa kwa sufuria, kila mmoja akiwa na hakika kwamba mfupa huungwa na mfupa, nami niliinywa kwa shukrani nikiondoa mafuta ya juu, ijapokuwa omena ninaoutafuna mzima na miba yake, pamoja na mayai na maharagwe, ulinipa zaidi. Wengine walinishauri niende kwa mwunga mifupa. Sina dharau kwao, wazee wetu wameungwa huko, lakini vijiti vinavyokazwa kwa kamba juu ya mguu unaovimba vinategemea mgonjwa alie vikimbana, na mguu usiolia huoza kimya kimya. Na ile sindano ya diklofenaki inayochomwa dukani kwa kila maumivu niliikataa, maana figo za mwenye kisukari zina mzigo wa kutosha.

Wiki ya kumi na moja ya buti, picha ilionyesha wingu jepesi jeupe pembeni mwa ufa, nalo daktari alilizungushia kalamu nikalipiga picha. Wiki ya kumi na saba wingu lilikuwa daraja. Kidonda kilikuwa kimefunga mwishoni mwa Juni. Kipimo cha miezi mitatu kilishuka hadi 8.3 mwezi wa Julai na 7.4 mwezi wa Oktoba. Tukihesabu tangu siku ya mtaro, mfupa ambao kila mtu aliupa wiki sita ulichukua wiki ishirini na mbili, nne kati yake zikiwa za plasta ile, na hadi leo kifundo huvimba kidogo jioni. Nyota iliyopungua kwenye buti ni ya soli, mikanda na karatasi ya maelezo isiyosomeka. Kwa wingi wa kazi liliyofanya, bei yake siilalamikii.

Sasa liko nyumba ya tatu kutoka kwetu. Kijana wa jirani alianguka na boda boda mwezi uliopita, akavunjika mguu wa kushoto, nikamwazima ganda, pampu na kiatu cha kuinulia, ambacho hakikumwenea wala hakikuwa cha mguu wake, akaenda kwa fundi yule yule. Bitana zangu mbili nilizichoma kwa kuwa zilikaa juu ya kidonda, naye ameshonewa yake. Mamake aliniuliza abonyeze pampu mara ngapi. Nikamwambia amwachie mwenyewe, ana miaka ishirini na mbili na hana sukari, likimbana atapiga kelele.